Leza ama CNC? Hesabu ya Ploti Moja Kaptembwo

Kaptembwo ukisema "laser", watu hawafikirii mwanga. Wanafikiria geti. Geti jeusi la chuma lenye maua yaliyotobolewa, ama simba, ama ndovu wawili wakitazamana, ama flamingo. Siku hizi Nakuru tuna flamingo wengi kwenye mageti kuliko ziwani, tangu maji ya ziwa yapande na ndege wengi wahamie Bogoria. Mwenye nyumba akikuonyesha geti lake atakwambia, "Hii ni laser cut," kwa sauti ile ile ya kukuambia mtoto wake yuko Canada.

Sasa, mengi ya mageti hayo hayajawahi kuonana na leza. Yamekatwa na plasma: umeme unapitishwa kwenye hewa iliyobanwa mpaka hewa yenyewe inawaka moto kuliko uso wa jua, inayeyusha chuma na kukipuliza chini. Ukitaka kujua, pitisha kidole kwenye ukingo wa ua. Plasma huacha ukingo uliolala kidogo na matone ya chuma yaliyoganda upande wa chini, yale ambayo fundi huyaondoa na grainda kabla ya kupaka rangi. Leza ya kukata chuma huacha ukingo ulionyooka na mistari myembamba kama ya kitana. Fundi anajua tofauti. Mteja hajui, na kwa sababu mteja ndiye analipa, jina limebaki laser.

Neno la pili ni CNC. Hilo nalo mtaani kwetu maana yake ni kitanda, kile chenye kichwa kilichochongwa mawaridi na majani hadi unaogopa kuegemea. Kwa hivyo mtu akiuliza "laser ama CNC?", huku kwetu ni kama ameuliza geti ama kitanda. Na hata nje ya Kaptembwo swali lenyewe limekaa vibaya. CNC ni namna ya kuendesha: kompyuta inaipa mashine namba, mashine inafuata. Leza inayokata perspeksi inaendeshwa kwa CNC. Plasma pia. Rauta ya mbao (si ile ya Wi-Fi) pia. Kinachotofautiana ni kitu kilichofungwa pale kichwani: mwanga, moto wa umeme, au biti ya chuma inayozunguka. Kuuliza "laser ama CNC" ni kama kuuliza "boda ama usukani".

Haya nayajua kwa sababu nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo haijaisha. Mengi yameshanitoka. Kilichobaki ni kwamba vitu hivi tunavyoviita vya kisasa vina umri wa babu zetu. John Parsons wa Michigan alianza kuendesha mashine kwa namba alipokuwa akitafuta njia ya kutengeneza mabapa ya helikopta, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine iliyokuwa inasoma maagizo kutoka kwa utepe wa karatasi wenye mashimo. Leza ya gesi ya kaboni dioksidi, ile inayokata perspeksi hadi leo, ilitengenezwa Bell Labs mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati, India. Hizo ndizo point mbili nilizotoka nazo chuo, na mwaka jana ziliniletea kazi.

Kazi yenyewe ilitoka kwa anko wangu. Anko anaandika mabango. Ukipita Kaptembwo, Rhonda hadi Shabab, kuna bucha, kinyozi na kanisa ambazo herufi zake ni za mkono wake, na mimi huzitambua kwa ile S yake inayoinama mbele kama inakimbilia matatu. Anashiriki ploti na seremala mmoja na welda mmoja, dada wa miaka thelathini na kitu ambaye hucheka kidogo na kufanya hesabu haraka kuliko sisi wote. Watatu hao waliweka akiba pamoja wakitaka kununua mashine moja. Sacco iliwaambia walete proposal iliyoandikwa. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza kwa kumpa mtu mmoja kati ya shilingi 500 na 50,000, na hiyo inanunua biti na gundi, haifiki mashine.

"Wewe ni msomi," Anko akanipigia. "Kuja utuandikie hiyo kitu."

Elfu tatu na chapo madondo kila siku nikiwa pale. Nilikubali haraka kuliko inavyofaa mtu mwenye heshima, maana kazi yangu nyingine ilikuwa imepungua. Nilikuwa naandikia maduka ya ng'ambo maelezo ya bidhaa, nalipwa kwa neno, na tangu programu za kuandika zije mwisho wa 2022 wateja wanne walibaki mmoja. Kichekesho ni kwamba nilishaandika mara tatu makala ya kulinganisha leza na CNC, kwa watu wa nchi ambazo sijawahi kuziona. Zote zilimalizia kwa kusema inategemea mahitaji yako. Sijui ni nani alisaidika.

Pale ploti nilikuta mahitaji matatu. Anko alitaka leza. Seremala alitaka rauta, na si rauta yoyote, alitaka 1325. Welda alitaka plasma. Kila mmoja alikuwa na video kwenye simu.

Tukaanza na ukubwa, kwa sababu ukubwa hauna hisia. Hizo namba za mashine ni kitanda chake: 1325 ni milimita 1300 kwa 2500, na imewekwa hivyo kwa sababu bodi nzima ya futi nane kwa nne ni milimita 2440 kwa 1220. Unalaza bodi yote, unaenda zako. Lakini ploti yao ni vyumba vya futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu na kidogo kila upande. Mashine hiyo na fremu yake ingejaza chumba, seremala abaki mlangoni akiitazama kama mgonjwa wa kulazwa. Tena spindo zake kubwa hutaka stima ya fezi tatu. Ploti ina ile ya kawaida ya 240V na mita moja ya tokeni ambayo watu watatu huigombania kila mwisho wa mwezi. 1325 ikafa siku hiyo hiyo, na seremala akanyamaza hadi saa ya chai.

Ikabaki saizi ya 6090, milimita 600 kwa 900. Iko ya leza, iko ya rauta yenye spindo ya 2.2 kW inayokubali stima ya nyumbani, na bei tulizoletewa zilikaribiana. Lakini hata hapo kuna uchungu mdogo: bodi ukiipasua katikati unapata milimita 610, na kichwa cha mashine kinafika 600. Milimita kumi! Mtu aliyepanga hizo saizi hajawahi kununua bodi kwa pesa yake.

Hapo ndipo niliwaambia kitu ambacho naona kilistahili zile elfu tatu. Nilinunua daftari la kurasa 96, nikaifunga kalamu kwa uzi, nikaitundika kwenye mlango. Kwa wiki nne, kila kazi iliyoingia iandikwe: ni nini, ya kutengenezwa na nini, unene gani. Hata ile ambayo mteja aliuliza bei akaenda.

Wakati daftari linajaa, mimi na Anko tulienda town kwa jamaa mwenye leza. Anko alibeba mfuko wa vipande: perspeksi, plaiwudi nyembamba, ngozi, foreksi. Jamaa akaanza na perspeksi ya milimita tatu. Mashine haipigi kelele ya maana. Ni feni na pampu ya hewa, na nukta moja ya moto inayotembea. Mwanga wenyewe huuoni, uko nje ya rangi ambazo jicho linashika. Ikatoa herufi A ambayo ukingo wake ulikuwa unang'aa kama barafu iliyolambwa, kwa sababu joto la leza huiyeyusha perspeksi na kuipiga msasa kwa wakati mmoja. Kile inachokula katikati ni chembamba sana, kama sehemu ya tano ya milimita, kwa hivyo pembe inabaki pembe. Anko aliigeuza geuza hiyo A, halafu akaiweka mfukoni bila kuuliza.

Plaiwudi ikakatika, ukingo ukawa wa kahawia kama toast. Ngozi ikakatika ikinuka kama kichwa cha mbuzi kinachochomwa. Kisha Anko akatoa foreksi.

"Hiyo siweki," jamaa akasema.

"Kidogo tu, nione."

"Mzee wangu, hata kidogo."

Foreksi, kwa wale wanaojua tu ile ya kununua dola, ni bodi nyeupe nyepesi ambayo herufi nyingi za mabango hukatwa kutoka kwayo. Ni PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, na ukiichoma na leza inatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Unyevu huo unaweza kuwa wa hewa, na reli za mashine zioze kutu. Unaweza pia kuwa wa mapafu yako. Jamaa alikuwa anatukatalia biashara ili asituue, na naona alistahili shukrani zaidi ya ile niliyompa.

Tukarudi na matatu ya Kaptembwo kimya. Anko alikuwa anatazama mkono wake wa kulia. Haya sikuwa nimeambiwa, niliyaona tu zile siku za ploti: mkono umeanza kutetemeka. Akishika brashi hewani, ncha inacheza. Mistari mirefu ya juu, ile alikuwa anaipiga mara moja huku akiongea na mtu barabarani, sasa anaipiga kwa vipande na kuirudia. Video zote alizohifadhi ni za leza, na nilikuwa nimedhani anapenda ule mng'aro. Anaupenda. Lakini zaidi ya hapo ni mashine isiyoshika kitu, isiyosukuma, ambayo haijali mkono wa mwenyewe ukoje.

Wiki ya nne tukafungua daftari. Perspeksi ilikuwa kidogo: vibao vya namba za nyumba, vikombe vya shule wakati wa michezo, mapambo ya keki ya harusi moja. Foreksi ilikuwa karibu kila ukurasa, makanisa hasa. Ilikuwepo alukobondi, yale mabati ya alumini yenye plastiki katikati, ambayo leza ya aina ile haiwezi kuikata lakini rauta inaikata na hata kuichimbia mfereji wa V ili uikunje kama karatasi. Zilikuwepo milango ya kabati ya MDF, vichwa vya vitanda, mbao za inchi moja. Leza ya wati 80 ukiipa mbao nene itaichoma badala ya kuikata. Itachora picha nzuri juu yake, lakini haitachonga waridi lenye kina ambalo kidole kinaingia. Rauta inashuka juu na chini, inachonga. Inafanya hata kiungio, tundu na ulimi wake, kazi ambayo seremala alikuwa anapiga kwa patasi asubuhi nzima.

Anko alisoma kurasa zote. Mwandiko mwingi ulikuwa wake mwenyewe.

Usidhani rauta ni malaika. Tulienda kuiona kwa karakana moja ya fanicha, na nilitoka na vumbi la MDF kwenye nyusi. Inapiga kelele ya aina ya daktari wa meno, lakini ya saa tatu mfululizo, na ukuta wa ploti ni bati, na upande wa pili kuna mama mwenye mtoto wa miezi minne. Hiyo ilikuwa aya ndefu zaidi ya proposal yangu: mashine ya kunyonya vumbi, masaa ya kazi, magodoro ya zamani ukutani. Leza nayo ina moshi, na ina moto wenyewe. Perspeksi inawaka, na mashine ya leza haiachwi peke yake hata dakika ya kwenda choo. Kwenye nyumba za mbao na mabati zilizoshikana bega kwa bega, mimi binafsi nililala nikifikiria hilo kuliko bei.

Halafu kuna maji. Bomba la leza ni la kioo na linapozwa kwa maji yanayozunguka, na maji hayo yanatakiwa yawe yamesafishwa kabisa, yale ya betri ya gari (siyo asidi). Maji ya mfereji na ya visima vya Nakuru tunayajua kwa meno yetu. Watu wa huku tukicheka ng'ambo wanafikiri tunavuta sigara, kumbe ni floridi. Sasa fikiria unamwaga hayo kwenye kitu cha bei ghali zaidi ndani ya mashine.

Na stima. Ule usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizima, lakini sisi hatuhitaji nchi nzima. Mtaa mmoja unatosha. Ikipotea katikati ya kazi, mashine nyingine zinakumbuka zilipofikia, nyingine hazikumbuki. Leza haijagusa kitu, kwa hivyo ukipoteza ni kipande. Rauta inasimama na biti ikiwa ndani ya mbao, na stima ikirudi, ukikosea pa kuanzia kwa nusu milimita, waridi linaota mdomo. Kwa hilo leza ilishinda, na niliandika hivyo.

Welda alikuwa amesikiliza haya yote akiwa ameegemea mlango, miwani yake ya giza kichwani. Siku ya uamuzi alisema anatoa share yake. Alikuwa amefanya hesabu yake pembeni. Shiti za mageti hupeleka Industrial Area kukatwa kwa plasma, analipa, anarudi nazo, anaunda fremu, anafunga, anaenda kusimika.

"Maua nitaendelea kukatiwa," alisema. "Pesa yangu iko kwa bawaba."

Hakuna aliyemkasirikia, ingawa mkopo wa wale wawili ulikua kwa kiasi hicho hicho. Alikaa akamalizia chapo yake.

Basi ikabaki kura ya watu wawili, ambayo si kura. Seremala alikuwa upande wa rauta tangu kuzaliwa. Anko angeweza kukataa tu, na nilijua hivyo, na nilikuwa nimeandika aya mbili za proposal kwa njia ambayo zingegeuzwa kama angekataa. Alichukua ile A ya perspeksi, akaiweka juu ya daftari.

"Hii ya kung'aa tutakuwa tunaenda kukatiwa town," akasema. "Zikija."

Niliandika kurasa saba. Niliweka daftari lenyewe, picha ya kila ukurasa, na afisa wa sacco akanipigia kuuliza kama naweza kuwaandikia watu wengine. Tangu hapo nimeandika nne: moja ya kinu cha posho, moja ya oveni, mbili za boda za umeme. Kila mmoja nimempa daftari na kalamu ya uzi.

Rauta iliingia Februari kwa pikapu, ikapitia dirishani baada ya fremu kung'olewa. Kazi ya kwanza ya Anko ilikuwa jina la kanisa, herufi 23 za foreksi ya milimita kumi. Alizichora mwenyewe kwenye karatasi, mimi nikazipiga picha na kuzifuata mstari kwa mstari kwenye kompyuta. Alisimama nyuma yangu akinikataza kuinyoosha S.

Biti ilikuwa ya milimita sita. Biti ni duara, na duara halina pembe, kwa hivyo kila kona ya ndani inabaki na mviringo wa milimita tatu. Ukiwa barabarani huoni. Anko aliona kabla vumbi halijatulia. E ilikuwa na kona nne za ndani, zote zimevimba kama fizi.

Seremala alimwambia tuweke biti ndogo, itachukua muda lakini itapunguza. Anko akasema apewe patasi. Akaketi kwenye kigoda, akalaza E juu ya paja lililofunikwa gunia, akaegemeza kiganja chote kwenye foreksi, akaanza kukwangua kona ya kwanza. Nilitazama ule mkono. Ukiwa umelala juu ya kitu, hautetemeki.

Saa kumi na mbili stima ilipotea, rauta ikanyamaza katikati ya herufi nyingine, seremala akatukana kwa Kikalenjin. Anko alivuta kigoda hadi mlangoni palipokuwa na mwanga. Alikuwa amefika kona ya tisa, na alishaamua kila kona mteja ataongeza shilingi ishirini.